Sharti la Vimla

Katika milima ya Himalaya, kaskazini ya Bara Hindi, palikuwa na nchi ndogo iliyoitwa Tehri Garhwal. Wakati Waingereza walipotawala Bara Hindi, nchi hii iliachwa mikononi mwa mfalme wake mwenyewe, naye aliihesabu misitu kuwa mali yake. Mkulima aliyezoea kuokota kuni na kulisha ng'ombe msituni, kama walivyofanya babu zake, alijikuta akiitwa mwizi mahali alipozaliwa. Mwaka 1930 wanakijiji walikusanyika Tilari, kando ya mto Yamuna, wakidai haki yao ya msitu. Askari wa mfalme waliwapiga risasi.

Miaka mitatu kabla ya msiba huo alizaliwa Sunderlal Bahuguna, na Vimla Nautiyal alizaliwa mwaka 1932. Baba zao wote wawili walikuwa maafisa wa misitu. Kwa hiyo watoto hawa walilelewa kwa mshahara wa serikali ile ile iliyowanyima wengine kuni.

Sunderlal alikuwa na umri wa miaka 13 alipomwona kijana mmoja, Sridev Suman, amechukua kisanduku. Aliuliza mna nini ndani. Suman akakifungua, akamwonyesha gurudumu dogo la kusokotea uzi, akamweleza habari za Gandhi na za uhuru. Tangu siku ile mtoto yule hakuwa wa jamaa zake peke yao. Suman alipofungwa gerezani Tehri, akakataa chakula muda wa siku 84 na kufariki tarehe 25 Julai 1944. Sunderlal ndiye aliyetorosha maneno ambayo Suman aliyasema mbele ya hakimu, yakachapwa katika gazeti nje ya nchi. Kwa kosa hilo alikamatwa, akafanya mtihani wa shule huku analindwa na polisi, kisha akatiwa gerezani hata akaugua.

Alipofunguliwa alikimbilia Lahore, mji ambao leo umo Pakistan. Polisi walimfuata hata huko. Basi akafuga ndevu, akavaa kilemba cha Singasinga, akajiita Man Singh, akaishi kijijini akifundisha watoto wa watu wasiojua yeye ni nani. Alirudi kwao mwaka 1947, akapata cheo katika chama cha Congress.

Vimla naye alikuwa na njia yake. Katika ujana wake alikwenda Kausani, kwenye shule iliyofunguliwa mwaka 1946 na Sarala Behn, yaani Dada Sarala. Bibi huyu alikuwa Mwingereza, naye alikwisha kufungwa na serikali ya watu wake mwenyewe kwa kuwasaidia wapigania uhuru. Wasichana wa Kausani walifundishwa kulima, kusokota, na kutembea kijiji kwa kijiji bila ya kuogopa. Baadaye Vimla akawafuata wale waliozunguka na Vinoba Bhave kuwaomba matajiri wawagawie maskini ardhi.

Posa ya Sunderlal ilipofika, Vimla hakuikubali wala hakuikataa. Aliomba muda, kisha akatoa sharti: mwanamume huyu aache siasa ya vyama, aje wakae kijijini milimani, wawatumikie watu. Vitabu vingi humsifu Sunderlal kana kwamba aliiona njia yake peke yake. Mimi naona kwamba sharti hili la msichana lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote alizopata kusikia. Alikiacha cheo, akajenga kibanda Silyara, na hapo wakaoana tarehe 19 Juni 1956.

Mahari ya namna hiyo ni ghali. Vimla aliwafundisha wasichana na wanawake ambao kutwa nzima walikuwa wakibeba kuni na maji, na kwao habari ya msitu haikuwa habari ya vitabuni. Mwaka 1973 watu wa milima ile walianza kuikumbatia miti ili wakataji wasiiguse. Kitendo hicho kikaitwa Chipko. Mwaka 1974, katika kijiji cha Reni, Gaura Devi na wanawake wenzake waliwazuia wakataji wakati wanaume walipokuwa mbali. Hatimaye serikali ilipiga marufuku ya miaka 15 kukata miti mibichi milimani juu ya meta 1,000. Msomaji wa Kenya atamkumbuka Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianza kupanda miti pamoja na wanawake wetu.

Lakini mto Bhagirathi ulishindikana. Serikali ilijenga boma la kuzuia maji lenye kimo cha meta 260 karibu na mji wa Tehri. Kuanzia mwaka 1989 wazee hawa wawili walikaa katika kibanda kando ya mto kupinga kazi hiyo. Mwaka 1995 Sunderlal alikataa chakula siku 45, na mwaka uliofuata siku 74. Boma likaendelea kupanda. Maji yakakifikia kibanda, wakahamishwa; na mlango wa mwisho wa mto ulipofungwa mwaka 2005, mji mzima wa kale ukazama, pamoja na mahali pale pa gereza alipofia Suman.

Sunderlal alifariki mwezi wa Mei 2021, naye ana miaka 94. Vimla alimfuata mwezi wa Februari 2025.