Nguruwe wa Galen na Makao ya Akili

Galen, mzaliwa wa Pergamum mwaka 129 BK, alifika Roma mwaka 162 baada ya kuwatibu magladieta katika mji wake. Mbele ya wasomi na wakubwa wa Roma alimfunga nguruwe, akampasua shingo, akatafuta neva mbili nyembamba kama unywele zinazoingia kwenye zoloto, akazikaza kwa uzi. Nguruwe aliyekuwa akipiga makelele alinyamaza papo hapo, ingawa aliendelea kuhema na kufurukuta. Uzi ulipolegezwa, sauti ilirudi. Basi, tunasimuliwa, kisu kikamaliza ubishi wa karne tano: akili hukaa ubongoni, si moyoni. Nashuku kwamba usimulizi huu unampa Galen sifa asiyostahili na kumnyima ile aliyoitolea jasho.

Wapinzani wake hawakuwa wajinga. Aristotle alifungua mayai ya kuku yaliyokuwa yakiatamiwa, akaona siku ya tatu doa la damu linalodunda. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba uhai huanza na moyo. Ubongo aliuona baridi, usio na damu, tena usiohisi unapoguswa (na katika hili la mwisho alikuwa sahihi kabisa). Akahitimisha kwamba kazi yake ni kupoza joto la moyo. Hitimisho lilikosewa, lakini lilitokana na kuchunguza.

Chrysippus, aliyewaongoza wanafalsafa wa Kistoa huko Athens katika karne ya 3 KK, alipita njia nyingine. Aliipokea hoja ya Zeno, mwasisi wao: sauti hupita kooni, usemi hutoka panapotoka sauti, usemi wenye maana hutoka kwenye akili, kwa hiyo akili haiwezi kuwa kichwani. Akaongeza kwamba watu hujigusa kifua wanaposema "mimi", na kwamba hata kidevu huinama kidogo kuelekea kifuani neno hilo linapotamkwa kwa Kigiriki. Kisha akarundika mistari ya washairi. Haya aliyaandika katika karne ileile ambayo matabibu Herophilus na Erasistratus, huko Alexandria, walipasua miili ya binadamu na kuzifuata neva hadi ubongoni.

Galen alimjibu katika kazi yake ya vitabu tisa juu ya mafundisho ya Hippocrates na Plato, na humo ndimo ninamoiona sifa yake halisi. Hakutegemea kisu peke yake. Aliigawa misingi ya hoja katika mafungu manne: ile inayotokana na hali yenyewe ya jambo linalochunguzwa, ile ya majadiliano ya mazoezi, ile ya balagha, na ile ya ulaghai wa maneno. Ishara ya mkono kifuani na ushahidi wa washairi ni balagha. Ukaribu wa koo na moyo nao hauthibitishi kitu, kwa kuwa kitu kuwa jirani ya kingine hakukifanyi kuwa chanzo chake. Tena neva zilezile za sauti zina mzaha wake: hutoka kichwani, hushuka hadi kifuani, ile ya kushoto ikapinda chini ya mshipa mkuu utokao moyoni, ndipo zinapanda tena kwenye zoloto. Aliyesema sauti inatoka kifuani angeweza kukuonyesha njia kwa kidole. Alichokosa ni subira ya kuifuata hadi mwisho wake. Galen aliifuata, kisha akajaribu pande zote mbili: alipoubana moyo wa mnyama aliye hai, mnyama aliendelea kulia, alipoukandamiza ubongo, mnyama alizimia.

Hata hivyo, kabla nguruwe hajapasuliwa, Alexander wa Damascus, mfuasi wa Aristotle, aliuliza kama kwanza tunakubaliana kuiamini milango ya fahamu. Galen alikasirika akaondoka, akisema hakujua kwamba amekuja kwa wafuasi wa kishamba wa Pyrrho, mwanafalsafa wa kushuku kila kitu. Wanahistoria wengi humcheka Alexander. Mimi simcheki sana. Swali lake lilikuwa la kukera, lakini liligusa pengo la kweli. Nguruwe alipoteza sauti. Hakuna aliyeonyesha kwamba alipoteza fikra. Kutoka kwenye sauti hadi kwenye akili inabidi ukubali kwanza kwamba panapoanzia neva ndipo penye mamlaka juu ya mwili, na kauli hiyo haipatikani kwa kupasua. Inapatikana kwa hoja.

Galen mwenyewe alilijua hilo kuliko wanaomsifu. Alifuata mgawanyo wa Plato wa nafsi katika sehemu tatu, na matamanio akayaweka kwenye ini. Alipofika hapo alikiri kwamba hana uthibitisho wa namna ileile, kwa sababu ini likifungwa mishipa yake hakuna badiliko la papo hapo la kuwaonyesha watazamaji. Si kila mara alikuwa mwangalifu hivyo. Wavu wa mishipa ya damu aliouona chini ya ubongo wa ng'ombe aliuhesabu kuwa wa binadamu pia, na kosa hilo lilifundishwa hadi wakati wa mwanaanatomia Vesalius, karne ya 16.

Maandishi yake yalipofasiriwa Baghdad katika karne ya 9, kwa juhudi za Hunayn ibn Ishaq na wenzake, ugomvi ulihamia huko ukiwa hai. Tabibu na mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyasoma majaribio ya Galen na bado akaona kwamba, ukichunguza kwa undani, kauli ya Aristotle juu ya moyo ndiyo yenye ukweli zaidi: moyo ni asili ya nguvu zote, na ubongo ni mahali ambapo nguvu ya hisi na mwendo hudhihirika. Katika *Qanun*, kitabu chake cha tiba, alimwambia tabibu kwamba kazi yake haimlazimu kulitatua suala hilo. Autibu ubongo kama chanzo, na asili ya kwanza awaachie wanafalsafa.