Choo, Shimo na Chemba: Habari za Maji Machafu katika Rufiji na Kibiti

Mtu atakaye kujua jinsi watu wa nchi walivyoishi na maji yao machafu, asiulize mabomba tu, bali asikilize na maneno. Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili, ingawa mengi yamefunikwa kwa haya. "Choo" ni jina la kitu na la mahali pake pia. Wengine wa pwani husema "msala", neno ambalo ni vilevile mkeka wa kusalia. Katika delta ya Rufiji iko kata iitwayo Msala. Mgeni asicheke upesi, kwa kuwa jina la mahali lina asili yake, wala si lazima lifuate mojawapo ya maana hizi.

Miji ya mawe ya kale ilikuwa na vyoo vya shimo ndani ya nyumba. Magofu ya Gede, katika Kenya, yaonyesha hayo waziwazi. Lakini Gede imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe. Delta ya Rufiji ni matope na mikoko, na bahari hupanda na kushuka mara mbili kila siku. Shimo lichimbwalo huko hujaa maji kabla halijatumiwa. Basi ukosefu wa shimo haukuwa uvivu, kama wageni walivyopenda kudhani.

Hata hivyo maji yachukuayo uchafu huchukua na maradhi. Mwaka 1859 Richard Burton alisafiri kwenda Kilwa, akikusudia kuuchunguza na mto Rufiji. Alikuta kipindupindu kimeenea pwani, na safari ya mtoni ikamshinda. Mwaka 1869 ugonjwa huo ulirudi Unguja, na Dk. James Christie, aliyekuwa tabibu huko, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi ulivyofuata njia za misafara na za majahazi.

Badiliko kubwa la bondeni lilikuja baada ya mafuriko ya mwaka 1968. Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bonde la mto, ikawaweka katika vijiji vya ujamaa juu ya ardhi isiyofikiwa na maji. Huko nyumba zilikaribiana, na mto ukawa mbali; aliyezoea maji yaondoe kila kitu sasa alihitaji kuchimba. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipita nchini kwa redio na kwa vikundi vya kusoma. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vingi mno vikachimbwa. Kwa maoni yangu hakuna kitabu cha sarufi kilicholifanya neno "choo" litamkwe hadharani pasipo haya kama kampeni ile.

Kibiti ni mji wa barabara, katika njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari hayakungoja tena kivuko cha Rufiji. Baadaye Kibiti ikatengwa kuwa wilaya. Pamoja na nyumba za matofali likaja neno "chemba", lililotoka katika Kiingereza likakaa vizuri katika vinywa vya mafundi. Ndani ya chemba taka nzito hutua chini, vijidudu vikazila polepole pasipo hewa, na maji hupita katika shimo la pili yakanywewa na ardhi. Penye kisima karibu, na ardhi ya mchanga, maji hayo hufika upesi kuliko itakiwavyo.

Na chemba ikijaa? Hapo ndipo tusikiapo "kutapisha choo", yaani kukifungua wakati wa mvua kubwa ili mafuriko yachukue yaliyomo. Sheria yakataza, na ni haki. Lakini mwenye shimo lililojaa, asiye na fedha za kuita gari la kunyonya, haoni njia nyingine. Na gari lenyewe lahitaji pa kumwaga. Kwa hiyo mji mdogo usianze kwa kuota mabomba ya kila mtaa. Uanze kwa mabwawa machache, mbali na visima, ambamo jua, mwani na vijidudu husafisha maji kwa siku nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa ya namna hiyo, na mafundi wetu wayajua.