Kutu ku kulasi ya bunduki: ni kinga gani inafaa mu pori letu?

Mu Basoko, pale Aruwimi inaingia mu muto Kongo, chuma hakina amani. Panga mupya likilala inje siku mbili, unalikuta na rangi ya matofali. Upande wa Yangambi, ambako watu wa utafiti wa kilimo wako tangu mwaka wa 1933, inaanguka mvua ya karibu milimita 1.800 kwa mwaka. Kutu inaanza kukimbia wakati hewa inapita asilimia 60 ya unyevu. Kwetu, usiku, tunapita pale karibu kila siku.

Swali lenye kurudi mara mingi ku redio, hasa kwa wawindaji wenye permi na walinzi wa hifadhi, ni hili: kulasi ya bunduki, tuipake nini?

Kulasi ni kile kipande unachovuta na kusukuma kwa mukono. Kinaingiza risasi ndani ya bomba, kisha meno yake yanafunga mulango wa nyuma. Risasi ikilipuka, gazi inasukuma nyuma na nguvu ya zaidi ya baa 3.000. Kati ya ile gazi na jicho la mwenye kupiga, kuna kulasi tu. Kwa hiyo hatuongelee hapa uzuri wa bunduki, tunaongelea uso wa mutu. (Kalibre 12 yenye kuvunjika katikati haina kulasi ya namna hii, lakini mambo ya kutu ni yale yale.)

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe: mafuta ya mawese. Basoko ni inchi ya ngazi, mashamba makubwa ya Lokutu yako mu teritware yetu, basi mafuta iko karibu kuliko dawa ingine yote. Baba mudogo yangu alikuwa anapakaa mawese kila jumapili, na roho yake ilikuwa safi kabisa. Mwanzo kulasi ilikuwa inateleza vizuri. Kisha miezi ine ikawa nzito, ikanata sawa na gundi, na chini ya ile gundi tulikuta vitundu vidogo vya kutu. Sababu ni hii: mafuta ya mimea inakuwa na asidi ndani, na ikikaa ku hewa inaharibika na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Asidi inakula chuma, na ile ngozi inafunga maji chini yake. Mawese ni ya sombe.

Vidanje, ile mafuta nyeusi inayotoka ku moteri ya pikipiki ao ya balenyeri, nayo si dawa. Imekusanya masizi, maji, asidi ya moto na unga wa chuma. Mafuta ya moteri mupya, yenye haijatumika, hiyo inafaa. Bei yake si kubwa, na chupa moja inafika mwaka muzima.

Sasa tuje ku kinga za kiwanda, maana kila bunduki inatoka na moja tayari, na mara mingi kazi yako ni kuijua na kuichunga, si kuongeza ingine.

Ile rangi nyeusi ao ya bluu inayongaa inaitwa bronzaje. Si rangi ya kupakaa: ni chuma chenyewe kimegeuzwa juu kwa soda ya moto kuwa oksidi nyeusi. Ni nyembamba sana, karibu elfu moja ya milimita. Peke yake haizuie kutu. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Bunduki ya bronzaje bila mafuta mu pori letu ni kama mutu bila koti mu mvua.

Ile ya kijivu, isiyongaa, yenye kukwaruza kidogo ku kidole, ni fosfati. Muingereza Coslett alipata haki ya kuitengeneza mwaka wa 1906, kisha kampuni ya Parker ya Detroit, Marekani, ikaieneza, na mu vita ya pili ya dunia ilifunika bunduki nyingi sana. Iko na vitundu vidogo kama sponji, inakunywa mafuta na kuibakiza. Kwa vipande vinavyosuguana wanapenda fosfati ya manganezi. Kwa maoni yangu, kwa mwenye kuishi kati ya muto na pori, fosfati pamoja na mafuta safi ni ndoa nzuri kuliko zote.

Kromu ni ngumu na inapinga kutu vizuri. Ndiyo maana Warusi waliweka kromu ndani ya bomba la Kalashnikov. Lakini hapa iko hatari yenye watu hawajue. Wakati wa kuweka kromu, hidrojeni inaingia mu chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kioo. Kiwandani, wanatia kipande mu furu ya karibu digrii 190 saa mingi ili hidrojeni itoke. Fundi wa kromu wa magari hafanyi ile kazi, maana bampa haishikilie baa 3.000. Usipeleke kulasi kwake.

Nitriri, yenye inaingiza azoti ndani ya ngozi ya chuma, ni kinga nzuri sana, lakini inaomba furu ya zaidi ya digrii 500 na watu wenye kujua ile chuma ni ya aina gani. Rangi ya seramiki inafaa inje ya bomba; ku meno ya kulasi inaongeza unene, na kufunga kunaharibika. Galva kama ya mabati, hapana kabisa: zinki yake inayeyushwa mu joto la karibu digrii 450.

Hili la moto nalisimamia kidogo. Kuna mafundi wanachoma kulasi mu makaa mpaka inakuwa nyekundu, kisha wanaizamisha mu mafuta ili iwe nyeusi. Inatoka nzuri kwa macho. Lakini kulasi nyingi, zile za Mauser kwa mufano, zimefanywa ngumu juu na laini kidogo ndani, kwa joto lililopimwa. Bunduki za namna ile zimejulikana kwetu tangu zamani: kiwanda cha FN kule Herstal, Ubelgiji, kilianzishwa mwaka wa 1889 kwa kutengeneza Mauser 150.000 za jeshi la Ubelgiji, na Force Publique ilizibeba huku. Moto wa makaa unafuta ile kazi yote mu dakika chache. Meno yanakuwa laini, yanarudi nyuma kidogo kidogo kila ukipiga, na siku moja kulasi inatoka upande wa uso. Kulasi iliyochomwa namna ile haitengenezwe tena.

Kinga yoyote unayo, kwanza osha, kisha pakaa. Baruti nyeusi, na risasi za zamani zenye kapsuli ya klorati, zinabakiza chumvi. Chumvi inavuta maji ya hewa, na mafuta haiondoe chumvi. Maji ya moto na sabuni ndiyo inaondoa. Fanya siku ile ile umepiga, usingoje kesho. Kausha na kitambaa, weka mu jua kidogo, kisha pakaa mafuta nyembamba mpaka kidole kikigusa kinangaa tu bila kutiririka. Nyuma ya meno, grisi kidogo. Ndani ya bomba pale risasi inakaa, na uso wa kulasi, panguza pakauke mbele ya kupiga: ganda la risasi likiwa na mafuta haliskamate bomba, na nguvu yote inakuja kupiga kulasi.

Wengi wanatundika bunduki juu ya moto wa jikoni ili isipate maji. Inakauka kweli, lakini moshi wa kuni uko na asidi, na masizi yanalala mu kila pembe. Mufuko wa plastiki ni mubaya zaidi, jasho la usiku halitoke. Ukuta wa chumba chenye hewa, mbali na bati lenye kuvuja, unatosha. Shika kulasi na kitambaa, maana jasho la mukono nalo ni chumvi.

Kipande kikiisha kuonyesha vitundu ku meno ao ufa, hakuna mafuta yenye itakisaidia. Armirie mwenye ruhusa ndiye wa kukipima, na kwake unafika na karatasi zako: silaha inafuata ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji unafuata sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982.