Kwa nini mwindaji hapewi radi: nguvu za wahusika wa gemu na hadithi zao

Pita jioni kwenye kibanda cha kuchajia simu hapa Kibaoni, utakuta vijana wameinamia simu zao na ubishi ni ule ule: mhusika gani ana nguvu zaidi. Wasikilizaji wetu, hasa wazazi, wametuuliza nguvu hizo zinatoka wapi na zina maana gani. Tumeona tueleze kwa maandishi, maana redioni muda hautoshi.

Gemu nyingi za kubuni humtaka mchezaji achague fani kabla ya kuanza. Utaratibu huo ulienezwa na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974. Ulianza na fani tatu tu: mpiganaji, mtu wa miujiza na mtu wa dini. Huyo wa dini aliruhusiwa kushika rungu lakini si upanga, kwa hoja kwamba mtu wa madhabahu hamwagi damu. Rungu nalo linaumiza, tunajua. Lakini katazo hilo moja lilitosha kumwonyesha mchezaji huyu ni mtu wa namna gani.

Free Fire, ambayo vijana wetu wanaijua zaidi, ina wahusika wa namna hiyo. Kelly ni mwanafunzi mkimbiaji, na nguvu yake ni kukimbia kwa kasi zaidi. Alok ametokana na DJ wa kweli wa Brazili. Akiwasha muziki wake, wenzake walio karibu wanapata kasi na afya yao inarudi. Sisi watu wa redio huyo tunampenda bila aibu. Ukiambiwa hadithi yake tu, nguvu yake unaweza kuikisia. Mhusika mbaya ni yule ambaye hadithi yake inasema hivi na mikono yake inafanya vile.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Hifadhi ya Katavi, ambayo barabara ya kutoka Sitalike kuja kwetu inapita ndani yake, imepata jina kwa Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye Wabende wanasimulia kuwa anakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo kuomba baraka. Sasa fikiri kijana wa Mpanda anatengeneza gemu na anataka kumweka mhusika wa aina hiyo. Akimpa radi na mabawa atakuwa ameharibu. Mwindaji anasoma nyayo, anajua upepo unatoka wapi, anakaa kimya hadi mnyama ampite. Nguvu zake ziwe nyingi karibu na mkwaju na zipungue kila anapouacha mbali. Na asitoe msaada bure: mchezaji aache kitu kwanza, kama wanavyofanya watu wa kweli. Hapo hata mtoto wa Usevya atamtambua kabla ya kusoma jina.

Mfano ulio bora kuliko wote, kwa maoni yetu, hauko kwenye simu kabisa. Ndugu zetu Wasukuma, ambao wengi wamehamia mkoani kwetu na mifugo yao, wana vyama vya ngoma ambavyo kila kimoja kina kazi yake, dawa zake na mchezo wake. Bagoyangi ni watu wa nyoka; anayejiunga hufundishwa kuwashika na kujua dawa zao, na uwanjani hucheza na chatu. Banungule walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza mazao shambani. Bagobogobo wanacheza na majembe, maana ngoma yao ilizaliwa kwenye kilimo cha pamoja. Hutamwona mtu wa jembe akijitapa kwa chatu.

Juu ya vyama hivyo kuna pande mbili kubwa zinazoshindana, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba waanzilishi wake, Ngika na Gumha, walibishana dawa ya nani ina nguvu, wakaamua wapimane kwa ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Tazama ubishi huo ulivyofaa. Dawa iliyodaiwa ni ya kuvuta watu, na kipimo chake ni watu. Mtengenezaji wa gemu akipata kanuni safi kama hiyo hahitaji kitabu cha maelekezo. (Na tusisahau: ngoma ni ngoma. Aliyeumwa na nyoka awahishwe kituo cha afya.)

Kuna fani moja ambayo inatusumbua, nayo ni ile ya mtu wa miujiza. Vijana wengi wanamwita "mchawi". Nasi tulimwita hivyo hewani mwaka jana, tukieleza gemu moja, hadi bibi mmoja akapiga simu studio. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, neno hilo mnalirusha kama mpira. Huku kwetu likimwangukia mtu haliondoki." Tulikosa la kujibu.

Bibi alikuwa sahihi mara mbili. Kwanza kwa hadithi yenyewe: mhusika huyo wa gemu amesoma vitabu, anapigana mchana mbele za watu na anawakinga wenzake. Mchawi wa simulizi zetu anadhuru kwa siri, usiku, na mara nyingi jirani yake mwenyewe. Jina na nguvu havilingani, kosa lile lile la kumpa mwindaji radi. Pili, kwa maisha. Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, ilhali wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa kuni walioupikia miaka yote. Sheria ya Uchawi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, inamhesabu mkosaji hata yule anayemnyooshea mwenzake kidole kwamba ni mchawi.

Tangu simu ile, kwenye kipindi tunamwita kwa kazi anayoifanya. Akirusha moto ni fundi wa moto. Akiponya wenzake ni mganga. Akisoma nyota ni mnajimu. Wiki ya kwanza vijana walitucheka, wakasema fundi ni wa baiskeli. Juzi tumemsikia mmoja pale kibandani akimwambia mwenzake asimchague fundi wa moto, maana ramani ile ina maji mengi.