Wasomaji wa Chifu wa Lanet

Tangu miaka ya 1920 hadi mwaka 1969 mji wa Nakuru ulikuwa na gazeti lake, Kenya Weekly News, lililoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya walowezi. Na Mwafrika aliyewalimia mashamba, alipotajwa humo, hakutajwa kama msomaji. Magazeti makubwa ya nchi yalichapwa Nairobi, nayo, bila ya kuyavunjia heshima, aghalabu yalilikumbuka Bonde la Ufa wakati wa uchaguzi au wa damu.

Damu ilipomwagika baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, hata sauti ya mbali ya redio na televisheni ilibanwa. Tarehe 30 Desemba 2007 waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Na mwezi uliofuata, Nakuru na Naivasha zikiwaka moto, aliyekuwa ughaibuni akitaka kujua kama mtaa wa nduguye ungali salama alikimbilia blogu. Ory Okolloh alikuwa akiandika katika blogu yake, Kenyan Pundit, mambo aliyoletewa na wasomaji wenyewe, hata akatoa rai ya kuchorwa ramani ya maovu yale; na wenzake, miongoni mwao Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, wakaungana naye kuunda Ushahidi, jukwaa la mtandaoni lililopokea taarifa hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Insafu yataka isemwe pia kwamba simu zizo hizo zilisambaza jumbe za chuki.

Walakini blogu ilitaka kompyuta, au fedha ya kulipia saiba, na mkulima wa kawaida hakuwa nayo. Aliyeifikisha taarifa ya namna hiyo mlangoni pake alikuwa mtumishi wa serikali: Francis Kariuki, mwalimu wa zamani, chifu wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru, ambaye kufikia mwaka 2012 alikuwa akiandika katika mtandao wa Twita habari ambazo mhariri yeyote angezitupa kapuni. Kondoo wa rangi ya kahawia na nyeupe, mwenye kamba ya nailoni shingoni, alipotea. Chifu akaandika, na haukupita muda kondoo akapatikana. Saa kumi za alfajiri wezi walivamia nyumba ya mwalimu. Chifu akapigiwa simu, akaandika, majirani wakakusanyika nje, na wezi wakatimua mbio.

Naona hapo ndipo ilipo sababu ya raghba ya wasomaji, wala si upya wa chombo. Mwandishi huyu aliijua nyumba aliyoiandika, na akikosea, ofisi yake ilikuwa pale pale, aendewe aulizwe. Mhariri wa Nairobi angeulizwa wapi? Wakati huo ukurasa wa chifu ulionyesha wafuasi 300 hivi, naye mwenyewe alikadiria kwamba maelfu kati ya wakazi 28,000 wa eneo lake walipata maneno yake, kwa kuwa wengi hawakuwa na simu za kisasa, na aliyesoma alimpelekea jirani kwa ujumbe wa kawaida.