Karatasi ya Balozi na Karatasi Yetu

Kila tarehe 30 Juni tunapokusanyika, iwe Louisville, Columbus au Buffalo, wazee huwasimulia watoto habari za mwaka 1960. Mara nyingi simulizi huishia Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mwaka huu tuifuate mpaka huku Marekani, kwani uhuru ndio uliowapa Wakongomani wa kwanza ruhusa ya kuishi hapa kwa jina la nchi yao wenyewe.

Chini ya Mbelgiji, Kongo haikuwa na balozi popote. Mwezi mmoja haujapita tangu uhuru, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikuwa New York, kisha Washington, ambako alilala Blair House, nyumba ya wageni wa serikali iliyo karibu na Ikulu. Tarehe 20 Septemba 1960 Kongo ikaingia Umoja wa Mataifa. Mwaka huo peke yake ziliingia nchi 16 za Afrika.

Wajumbe wa nchi hizo hawakuja kama wahamiaji. Sheria ya uhamiaji ya 1952 iliwatengea viza zao: aina ya A kwa watu wa ubalozi, aina ya G kwa wajumbe wa nchi kwenye Umoja wa Mataifa na kwa watumishi wa mashirika ya kimataifa. Ni karatasi za heshima. Balozi hakamatwi wala hashtakiwi kama mtu wa kawaida. Lakini ruhusa hiyo hufuata kazi. Kazi ikiisha, nayo inaisha.

Wakongomani waliliona hilo mapema. Thomas Kanza alitumwa na Lumumba kuiwakilisha Kongo New York. Lumumba alipoondolewa madarakani, pande mbili zikagombea kiti kimoja. Mnamo Novemba 1960 Baraza Kuu lilipiga kura, 53 kwa 24, likaupokea ujumbe wa Rais Kasavubu. Upande wa Lumumba ukabaki bila kiti.

Tena heshima ya karatasi haikufika kila mahali. Kati ya New York na Washington mabalozi walipita Barabara Namba 40, katika jimbo la Maryland, ambako mikahawa mingi haikuwahudumia watu Weusi. Mwaka 1961 balozi mpya wa Chad, Malick Sow, alinyimwa kahawa huko. Serikali ya Rais Kennedy ikaona aibu, ikamtuma Pedro Sanjuan wa Idara ya Mambo ya Nje kuzungumza na wenye mikahawa.

Agosti mwaka huo waandishi Weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore walivaa kama wakubwa wa nchi isiyokuwepo, waliyoiita Goban, wakaenda kwenye mikahawa ya barabara hiyo. Wakapata kuhudumiwa! Watoto wetu walitafakari hili: raia wa Marekani alihudumiwa alipojifanya mgeni, na alikataliwa alipokuwa yeye mwenyewe.

Basi waliofungua milango ile ni Wamarekani Weusi waliokataa hali hiyo. Mwaka huohuo wa 1961 wanafunzi wa Louisville waliandamana katikati ya mji, wengi wakakamatwa. Mwaka 1963 mji wa Louisville ukapitisha sheria ya kuzuia ubaguzi huo, na Maryland nayo ikapitisha yake. Mwaka 1964 ikaja Sheria ya Haki za Kiraia kwa nchi nzima. Mkahawa tunaoingia leo na watoto wetu bila woga, kuna waliolala jela kwa ajili yake.

Sisi tulipita mlango mwingine. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ndiyo iliyotuleta kutoka Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na kwingineko. Kambini tuliwaona watumishi wa Umoja wa Mataifa wakishuka kwenye magari meupe, tukadhani karatasi zao ni bora kuliko zetu. Tuangalie vizuri. Kwa sheria ile, mkimbizi huomba grinikadi baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Mtoto wa mtumishi wa kimataifa angeweza kukulia New York tangu chekechea, kisha mzazi akistaafu akakosa ruhusa ya kubaki. Mpaka 1986 ndipo Bunge la Marekani lilipoweka kifungu cha kuwasaidia baadhi yao.

Na wanaozaliwa hapa? Mwaka 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba mtoto wa wageni wenye makazi hapa akizaliwa nchini ni raia. Mtoto wa balozi hakuhesabiwa humo, kwa kuwa baba yake yuko chini ya sheria ya nchi nyingine.

Kwa hiyo, watoto wetu, mtu akikuita mkimbizi shuleni, usiinamishe kichwa. Balozi huja kwa jina la serikali, na serikali hubadilika. Wazazi wako walikuja kwa jina lao, na haki waliyoipata ni yao.

Nanyi wazazi, haki isiyodaiwa hulala. Aliyetimiza miaka mitano asiiache fomu ya uraia kabatini. Aombe msaada kwa wanaojua sheria, ajifunze yale maswali, na vijana wa nyumbani wamsomee jioni.

Heri ya Siku ya Uhuru.