Asili ya watu wa Lamu: Makaburi na vigae vyatoa ushahidi

MJADALA kuhusu asili ya wakazi wa visiwa vya Lamu, uliodumu kwa zaidi ya karne moja, umepata mwanga mpya kutokana na mabaki ya miji ya kale ya Shanga, Manda na Faza.

Masimulizi ya wenyeji yamekuwa yakiinasibisha miji hiyo na wageni waliovuka bahari kutoka Uajemi na Arabuni. Tarekhe ya Pate, iliyosimuliwa na Bwana Kitini na kuchapishwa mwaka 1913, yaeleza kuwa Mnabahani kutoka Oman aliwasili Pate mwanzoni mwa karne ya 13, akamwoa binti wa mtawala, na kwa ndoa hiyo ufalme ukaingia katika ukoo wake.

Suala hili halikuwa la wasomi pekee. Chini ya ukoloni wa Waingereza, kuhesabiwa kuwa Mwarabu au mzawa kuliathiri kodi na hadhi ya mtu mbele ya sheria. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, nasaba hiyo hiyo iligeuzwa kuwa hoja ya kuwaita Waswahili wageni katika ardhi yao.

Misikiti ya Shanga

Mtaalamu Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Manda mwaka 1966, alikuta vyombo vingi kutoka Ghuba ya Uajemi, akaona kuwa mji huo ulianzishwa na wageni katika karne ya 9.

Hata hivyo, uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika Kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, ulionyesha sura nyingine. Kijiji hicho kilianza karne ya 8 kikiwa na nyumba za miti na udongo. Vigae vingi vilikuwa vya vyungu vya kienyeji, vinavyofanana na vile vya bara kandokando ya Mto Tana. Misikiti ilijengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale, ya kwanza ikiwa ya miti, kisha ya mawe. Shanga ilihamwa yapata mwaka 1425.

Ushahidi wa vinasaba

Mwezi Machi mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, ikiwemo Manda na Faza, na katika kijiji kimoja cha bara, kati ya mwaka 1250 na 1800.

Kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa ya uliobaki ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na mchango wa India. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000, na baada ya mwaka 1500 mchango wa Arabuni ukaongezeka. Aidha, wengi wa waliopimwa walikuwa watu wa hadhi, hivyo hawawakilishi wakazi wote.

Mfano wa Wafilisti

Historia ya Wafilisti yafanana na hiyo kwa kiasi. Maandishi ya Farao Ramses III, ya karne ya 12 K.K., yawataja miongoni mwa watu waliotoka baharini. Mwaka 2019, vinasaba kutoka Ashkeloni vilithibitisha kuwa damu ya kusini mwa Ulaya iliingia mjini humo wakati huo, lakini katika muda wa karne mbili hivi ikafifia kwa kuoana na wenyeji. Nebukadneza aliuangamiza mji huo mwaka 604 K.K., na Wafilisti wakatoweka kama taifa.

Watu wa Lamu hawakutoweka. Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu ni lahaja za lugha ya Kibantu, ndugu ya Kipokomo na Kimijikenda, iliyopokea maneno ya Kiarabu na Kiajemi bila kupoteza sarufi yake.

Kwa hiyo masimulizi ya wazee hayakuwa uongo. Nasaba huhesabiwa kwa baba, na baba wengi kweli walitoka ng'ambo. Lakini mji na lugha walivikuta kwa wenyeji, na watoto wao walizaliwa na mama wa Kiafrika waliokuwa hapo kabla yao.